Namba tatu za Java, na safari moja ya Chake

Ami alinipigia baada ya Isha, Septemba 2019. Ami yangu si mtu wa makelele. Alinisalimu, akaniuliza wazima huko, ndipo akasema: "Mwanangu, duka la Chake halifungi hesabu. Kutwa linauza vizuri, ikifika kufunga linatoa maandishi mekundu. Vijana wamekaa pale tangu Magharibi, nimewaambia waandike kwenye daftari waende zao."

Nikamwambia, "Nisamehe, Ami. Kesho nitaangalia." Akajibu, "Haya, Mungu akuwezeshe." Usiku ule sikulala vizuri.

Ami ana maduka ya dawa, mengine Unguja na mengine Pemba. Programu ya kuuzia, stoo na kufunga hesabu niliiandika mimi, kwa Java, lugha ya programu ambayo lazima iwemo pia kwenye kompyuta inayoiendesha programu, na kompyuta zote zina Debian, mfumo endeshi wa aina ya Linux. Tena programu ile siinakili kwa mkono kutoka mashine moja kwenda nyengine. Naifungasha: natengeneza pakeji ya `.deb`, faili moja lenye programu nzima, naitia saini, naiweka kwenye ghala langu dogo la apt, chombo cha Debian cha kuwekea programu, na kila kompyuta inaichukua huko. Pasipo na mtandao wa maana, ghala zima linasafiri ndani ya flashi, mfukoni mwa mtu, kwenye boti. Kuandika programu ni kazi moja, kuifungasha ni kazi nyengine kabisa, na katika hii ya pili hakuna kitu kilichonisumbua kuliko kupanda kwa matoleo ya Java.

Asubuhi yake kijana wa kaunta aliniletea picha ya kioo kwa WhatsApp. Kosa lilikuwa `NoSuchMethodError`, na chini yake limetajwa `java.nio.ByteBuffer.flip()`. Yaani Java inalalamika kwamba `flip`, kazi moja ndogo iliyomo ndani yake, haipo. Mimi nimeitumia `flip` miaka, iko tangu Java 1.4. Nikafungua programu ile ile kwenye kompyuta yangu, nikauza panadoli za uongo, nikafunga hesabu: imefunga. Nikarudia mara kumi, imefunga mara kumi. Siku mbili zikapita hivyo, huku Chake wanaandika kwenye daftari. Siku ya tatu nikapanda boti.

Asiyewahi kwenda Pemba kwa kazi ya kompyuta hajui mtu anabeba nini. Nilibeba laptopu, flashi tatu, waya wa mtandao, na kopi ya ghala zima la Debian ninalolihitaji kwenye diski ya nje, kwa sababu ukishashuka Mkoani huwezi kusema ngoja nipakue. Nikapanda gari hadi Chake, nikaingia dukani, nikawasalimu, nikakaa mbele ya mashine na kuandika amri moja tu: `java -version`. Ikajibu 1.8, yaani Java 8.

Hapo nikaelewa. Mwezi mmoja nyuma nilikuwa nimezipandisha kompyuta za Unguja kutoka Debian 9 kwenda Debian 10, iliyotoka Julai mwaka ule. Debian 9 Java yake ya kawaida ilikuwa 8, na Debian 10 ikaja na 11. Kompyuta za Pemba nilizipangia baadaye. Lakini pakeji mpya ya programu, niliyoijenga juu ya Debian 10, vijana waliichukua kutoka kwenye flashi na kuiweka Chake juu ya Debian 9, na apt ikakubali bila ya neno. Kwa nini ikubali? Kwa sababu nilipoandika mahitaji ya pakeji niliandika `default-jre-headless` basi, bila kusema toleo gani na kuendelea. Kwa apt, Java ni Java.

Sasa mtu atauliza: kama imejengwa kwa Java 11 na Java 8 ndiyo inayoiendesha, mbona ilifunguka kabisa? Mbona iliuza kutwa? Hapa ndipo pana somo lenyewe.

Kila klasi ya Java iliyokompailiwa, yaani kipande cha programu kilichokwisha kugeuzwa kutoka msimbo, inabeba namba kichwani mwake. Ukichukua faili la klasi ukaandika `od -A n -t x1 -N 8 Duka.class`, unaletewa baiti nane za mwanzo. Yangu zilikuwa hivi:

`ca fe ba be 00 00 00 34`

Nne za mwanzo, `cafebabe`, ziko kwenye kila klasi ya Java popote duniani. Ndizo alama yake. Mbili zinazofuata ni toleo dogo, huwa sifuri. Mbili za mwisho ndizo namba yenyewe: 34 kwa hesabu ya kumi na sita, sawa na 52 kwa hesabu yetu. Na 52 ni Java 8. Njia ya kukumbuka ni nyepesi: chukua toleo la Java, ongeza 44. Java 11 ni 55, Java 17 ni 61, Java 21 ni 65. Java ya zamani ikikutana na namba inayoipita inakataa pale pale, kwa kosa la `UnsupportedClassVersionError`, na programu haifunguki hata kidogo. Mimi kosa hilo nalipenda. Linajitokeza mapema, linasema wazi, na linakutajia namba zote mbili.

Klasi zangu zilikuwa na 52 kwa sababu nilimwambia `javac` wa Java 11, yule anayegeuza msimbo kuwa klasi, atumie `-source 8 -target 8`. Nilidhani nimemaliza: nimejenga kwa 11, nimelenga 8, itakwenda kote. Lakini maneno yale mawili yanasimamia lugha na namba ya klasi tu. Hayasimamii maktaba za Java zenyewe, yaani kazi zilizoandikwa tayari zinazokuja nayo. `javac` aliendelea kuziangalia maktaba za 11. Na katika Java 9 kilibadilika kitu kidogo sana: kabla yake `ByteBuffer` ilikuwa inairithi `flip` kutoka kwa mzazi wake `Buffer`, na jibu lake ni `Buffer`. Tangu 9, `ByteBuffer` ina `flip` yake, na jibu lake ni `ByteBuffer`. Kwa anayeandika msimbo hakuna tofauti, mstari ni ule ule. Lakini ndani ya klasi, wito hauandikwi kwa jina peke yake, unaandikwa pamoja na aina ya jibu. Klasi yangu ikaenda Chake ikaitafuta `flip` inayojibu `ByteBuffer`, na Java 8 haijawahi kuwa nayo.

Na Java haiitafuti kazi mpaka ifike mahali inapoitwa. Mimi `flip` nimeiita pahala pamoja tu, pale panapoandikwa faili la kufunga hesabu ya siku. Ndiyo maana duka liliuza kutwa nzima.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba `javac` alinionya. Kila nilipojenga, alitoa mstari wa kusema nimetaja `-source 8` bila kumpa njia ya maktaba za 8. Niliuona mstari ule wiki nzima, na sikuufuata.

Dawa ilikuwa neno moja. Tangu Java 9, `javac` ana chaguo la `--release`. Ukiandika `--release 8`, anaweka lugha ya 8, namba ya 8, na pia anazipima maktaba kwa orodha ya vitu vilivyokuwamo Java 8. Nilikaa kwenye benchi nyuma ya duka, nikabadilisha mstari mmoja, nikajenga upya, nikaweka. Nikamwambia kijana, "Hebu funga hesabu." Ikafunga. Akafunga hesabu za siku nne kutoka kwenye daftari, moja baada ya moja, nami nimesimama nyuma yake mpaka akamaliza.

Tangu siku ile nikiwaza Java nawaza namba tatu: iliyoijengea, inayoilenga, na inayoiendesha. Mtu anayejiandikia programu yake mwenyewe huwa nazo zote tatu kwenye mashine moja, na zikiwa sawa hazioni. Anayefungasha hawezi kuzisahau, maana namba ya kwanza iko kwake, ya pili iko ndani ya pakeji, na ya tatu iko kwa mtu mwengine, ng'ambo ya bahari, ambaye haijui Java wala hahitaji kuijua. Kazi yangu ni kuzifanya zikubaliane kabla hajafungua duka. Ndiyo maana mahitaji ya pakeji yangu leo yanasema `default-jre-headless (>= 2:1.17)`. Ikiwa Java ya pale ni ya chini, apt inakataa mbele ya macho yangu, na dawa zinaendelea kuuzwa kwa toleo la zamani.

Mwaka ule ule wa 2019 yalinipata na mengine mawili, nayataja kwa haraka. Java 11 iliondoa klasi za `javax.xml.bind`, ambazo Java 8 ilikuwa nazo ndani. Programu yangu iliyosoma bei kutoka faili la XML ikakosa klasi, ikabidi maktaba ile niiombe kama pakeji ya Debian ya peke yake. La pili lilikuwa langu mwenyewe: nilikuwa nakagua toleo kwa kuchukua namba ya pili, kwa kuwa Java 8 hujiita `1.8.0`. Tangu 9 mtindo ukabadilika, Java 11 ikawa inajiita `11.0.4`, na namba ya pili ni sifuri. Programu ikamwambia mtu mwenye Java mpya kwamba Java yake imepitwa na wakati. Ukaguzi ule niliufuta. Kukagua toleo ni kazi ya apt.

Kuna jambo nabishana nalo na rafiki yangu mmoja kila tukikutana Jaws Corner kwenye kahawa baada ya Alasiri. Yeye husema, "Sheikh, unajitesa bure. Chukua Java yako, itie ndani ya pakeji, uondoke. Debian ipande, ishuke, wewe haikuhusu." Hoja yake naielewa, na kwa programu nyengine huenda ikafaa. Kwangu mimi siikubali. OpenJDK, mradi unaoitengeneza Java hii, hutoa marekebisho ya usalama mara nne kwa mwaka: Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Nikitumia Java ya Debian, marekebisho yale hutayarishwa na watu wa Debian, na kila kompyuta inayapata pamoja na mengine. Nikiibeba yangu, kila baada ya miezi mitatu ni mimi wa kuijenga upya, kuitia kwenye flashi, makumi ya megabaiti kila mara, na kuipeleka Wete na Mkoani. Na siku nikiumwa? Mashine ya dukani ina majina ya wagonjwa na dawa zao. Sitaki Java yenye tundu ikae pale kwa sababu boti haikuondoka siku ya upepo.

Kwa hiyo naifuata Java ya distro, yaani ya Debian. Na ukiifuata, usitaje namba yake kwenye njia za mafaili. Debian huweka kiungo kiitwacho `/usr/lib/jvm/default-java`, kinachoelekea kwenye Java ya kawaida ya toleo lile. Skripti yangu ya kufungulia programu inakitumia hicho, haiandiki `java-11-openjdk-amd64` popote.

Hapa pana mtego mwengine, nao ulinikuta kwenye Debian 11. Java yake ya kawaida ilibaki 11, lakini ndani ya ghala lake ilikuwamo pia OpenJDK 17. Fundi mmoja aliiweka 17 kwenye kompyuta moja ya Unguja kwa ajili ya programu nyengine. Amri ya `java` pale haiamuliwi na kiungo kile. Inaamuliwa na mfumo wa `update-alternatives`, na mfumo huo usipoguswa humchagua mwenye kipaumbele kikubwa: OpenJDK 11 ina 1111, OpenJDK 17 ina 1711. Basi `/usr/bin/java` ikahamia 17, na `default-java` ikabaki 11. Kwenye mashine moja zikawa Java mbili, kila moja ikiitwa ya kawaida. Programu ya kuuza, inayopita kwenye kiungo, ilikwenda vizuri. Skripti ya usiku ya kutunza kumbukumbu, niliyoiandika kwa kuita `java` tu, ikafa kila usiku kwa wiki moja. Ilikuwa na chaguo la `-XX:+UseConcMarkSweepGC`, nililoliweka zamani wakati kompyuta zile zina RAM ndogo, na Java 17 hailijui tena. Ikikutana nalo hainyanyuki. Chaguo lile nikalitoa, na skripti zote nikazipitisha kwenye njia moja.

Debian 12 ilitoka Juni 2023 na Java 17 ndiyo ya kawaida. Safari hii nilikuwa nimejifunza kutangulia. Kwenye Java 11 programu ilikuwa ikitoa onyo kwamba kuna maktaba inaingiza mkono ndani ya Java mahali isiporuhusiwa, na kwamba siku zijazo itazuiwa. Onyo hili nililifuata. Ilikuwa maktaba ya zamani ya kuchapisha risiti, inasoma sehemu za siri za klasi za `java.util`, na mwenye kuitunza ameshaiacha. Java 16 ilianza kufunga mlango ule kwa kawaida, na 17 ikaondoa ufunguo wa jumla uliobaki. Nilipoijaribu kwenye 17 nikapata `InaccessibleObjectException`, kama nilivyotarajia, tena mezani kwangu, miezi kabla ya maduka kufika huko.

Watu wengi hapa wanakimbilia kuandika `--add-opens`, chaguo la kuufungua mlango ule, kwenye kila skripti na kila ikoni ya dawati. Usifanye hivyo ukiweza. Kwenye jar kuu, faili linalokusanya klasi za programu na kufunguliwa kwa `java -jar`, unaweza kuandika mstari mmoja ndani ya manifesti, karatasi yake ya maelezo:

`Add-Opens: java.base/java.util`

Unasafiri pamoja na pakeji na hakuna mtu wa kuusahau. Lakini mstari ule ni gongo la kutembelea, na mwenye gongo anatakiwa apone. Kwenye kumbukumbu ya mabadiliko ya pakeji niliandika kwamba utaondoka toleo lifuatalo, na nikautoa kweli: maktaba ile nimeiacha, kuchapisha risiti sasa nafanya kwa msimbo wangu, kurasa mbili tu.

Jambo lililonisaidia kuliko yote ni namna Debian inavyojenga. Pakeji za Java kule hazijengwi kwa kupakua vitu mtandaoni. Maven, chombo cha kujengea programu za Java, ambaye kwa desturi yake huanza kwa kupakua, hupewa `/usr/share/maven-repo` na kuambiwa kila unachotaka kiko humu, na kisichokuwamo kifungashwe kwanza. Mwanzoni niliona ni ukali usio na sababu. Kisha nikakumbuka ninapoishi. Mimi ni mtu ambaye umeme ukikatika Mwanakwerekwe mtandao unakwenda nao, na kifurushi cha simu kinaisha kabla Maven hajashusha nusu ya anavyovitaka. Nikaanza kujenga hivyo hivyo, ndani ya chumba kitupu cha `sbuild`, chombo cha Debian cha kujengea pakeji, mtandao umefungwa. Ikijengeka pale, najua kila kitu inachokihitaji kimeandikwa. Na chumba kile naweza kukitengeneza cha Debian yoyote, hata ambayo haijatoka.

Ndivyo nilivyofanya kwa Debian 13. Ilitoka Agosti 2025 na Java 21, lakini mimi nilianza tangu Januari: chumba cha toleo la majaribio, najenga pakeji zangu zote saba, naangalia nani anaanguka. Wawili walianguka. Mmoja alikuwa ameandikwa `1.7` kwenye faili lake la Maven, na tangu Java 20 `javac` hailijui tena toleo la 7. Anakwambia tumia 8 au zaidi na anasimama. Nikaweka 17, na siku hizi ndiyo ninayoilenga kwa kila kitu, maana 8 nayo `javac` wa 21 ameshaanza kuitolea onyo. Mwengine alisoma majina ya dawa kutoka faili la zamani lisilokuwa UTF-8, usimbaji wa herufi unaotumika sana siku hizi. Tangu Java 18, kama hukutaja usimbaji, Java inachukua UTF-8 kila pahala, haiangalii tena mipangilio ya mashine. Programu ilijengeka salama lakini jaribio langu likaonesha alama za kuuliza badala ya herufi. Nikautaja usimbaji waziwazi kwenye mstari unaosoma faili.

Jaribio lile lenyewe ni dogo: linauza vitu vitatu, linachapisha risiti kwenye faili, na linafunga hesabu. Nimelitia ndani ya pakeji liende kila inapojengwa, na linaendeshwa mara mbili, mara moja kwa Java ya Debian ya sasa na mara moja kwa ile inayokuja. Kufunga hesabu ndiko kunakokuja mwisho.

Chake na Mkoani ziko kwenye Debian 13 tangu Oktoba. Imebaki Wete, kompyuta mbili, na Ami ameniomba nisiziguse siku ya gulio la dawa za jumla. Nimemwambia nitakwenda Jumatatu kwa boti ya asubuhi. Flashi iko tayari, na `od` ya kila klasi ndani yake inasoma `3d`, yaani 61.